Edsger Dijkstra: Mholanzi aliyeliogopa kosa lisilorudi

Tarehe 6 Agosti mwaka 2002, katika kijiji cha Nuenen kusini mwa Uholanzi, alifariki dunia Edsger Wybe Dijkstra, mmoja wa waasisi wa elimu ya kompyuta. Alikuwa na umri wa miaka 72, na alikuwa akiugua saratani.

Wengi wanalijua jina lake kutokana na kanuni ya kutafuta njia iliyo fupi kuliko zote baina ya miji miwili. Kanuni hiyo hufundishwa hadi leo katika vyuo vikuu, Dar es Salaam na Nairobi vikiwemo. Lakini kazi iliyomtia hofu zaidi, na iliyobadili fikra zake zote, ilikuwa nyingine. Ilikuwa ni ujenzi wa kiini cha mfumo endeshi.

Kila programu inayotumika katika kompyuta au simu huomba huduma kwa programu moja kuu iliyo chini yake. Ikitaka kusoma faili, kuchapa ukurasa au kutuma ujumbe, hairuhusiwi kuigusa mitambo moja kwa moja. Hupeleka ombi, ombi hupokewa, hukaguliwa na kutekelezwa, kisha jibu hurejeshwa. Programu hiyo kuu ndiyo kiini. Kosa likijificha humo, hakuna programu iliyo salama juu yake.

Kijana wa Rotterdam

Dijkstra alizaliwa mjini Rotterdam tarehe 11 Mei 1930. Baba yake alikuwa mwanakemia na mama yake mwanahisabati. Alikuwa ametimiza miaka 10 na siku tatu tu wakati ndege za Ujerumani zilipouteketeza moyo wa mji huo, tarehe 14 Mei 1940.

Alipomaliza shule mwaka 1948 alitamani kusomea sheria, akiwa na matumaini ya kuiwakilisha nchi yake katika Umoja wa Mataifa. Lakini matokeo yake ya sayansi na hisabati yalikuwa mazuri mno, na wakubwa wake wakamshawishi abadili nia. Akaingia Chuo Kikuu cha Leiden kusomea fizikia ya nadharia.

Mwezi Septemba mwaka 1951 alikwenda Cambridge, Uingereza, kuhudhuria mafunzo ya muda wa wiki tatu juu ya uandishi wa programu. Huko kulikuwa na EDSAC, kompyuta iliyoanza kufanya kazi mwaka 1949. Mkuu wa kazi hiyo, Maurice Wilkes, alikuwa amekwisha kung'amua jambo lililomshtua: kwamba sehemu kubwa ya maisha yake yaliyosalia ingetumika kusaka makosa ndani ya programu alizoziandika mwenyewe.

Mwaka uliofuata, mwezi Machi, Dijkstra aliajiriwa na Kituo cha Hisabati cha Amsterdam chini ya Adriaan van Wijngaarden. Kwa muda alishikilia mambo mawili, fizikia na programu, bila kujua lipi aliache. Van Wijngaarden ndiye aliyemshauri kwamba kompyuta haikuwa jambo la kupita, na kwamba huenda yeye Dijkstra angekuwa miongoni mwa watakaoufanya uandishi wa programu kuwa taaluma yenye heshima.

Heshima hiyo ilikuwa bado mbali. Alipofunga ndoa na Maria Debets mwaka 1957, ilimbidi ataje kazi yake mbele ya wasajili wa ndoa wa Amsterdam. Akasema yeye ni mwandishi wa programu. Wasajili walikataa, kwa kuwa kazi ya namna hiyo hawakuitambua. Katika cheti akaandikwa kuwa ni mwanafizikia wa nadharia.

Katizo

Katika kituo hicho, Bram Loopstra na Carel Scholten ndio waliounda mitambo, na Dijkstra aliandika programu. Mara nyingi programu zilikuwa tayari kabla ya kompyuta yenyewe kukamilika. Hapakuwa na mashine ya kuzijaribia. Mwandishi alilazimika kukaa na kalamu na karatasi, na kujiridhisha kwa hoja kwamba alichokiandika ni sahihi. Mazoea hayo hayakumwacha maisha yake yote.

Ulipowadia wakati wa kuunda kompyuta iliyoitwa X1, wenzake walikuja na wazo la katizo. Kabla ya hapo, kompyuta iliyotaka kuchapa herufi ilikaa ikiingojea mashine ya kuchapia imalize, nayo ilikuwa na mwendo wa kobe. Kwa katizo, kompyuta ingeendelea na hesabu zake, na mashine ya kuchapia ingeibisha hodi pale tu inapokuwa tayari. Kompyuta ingesita, ingemhudumia mgeni, kisha ingerudi kwenye hesabu ilipoziachia, kana kwamba hapakutokea lolote.

Wazo lilikuwa zuri, lakini Dijkstra aliingiwa na hofu. Kompyuta alizozizoea zilikuwa na sifa moja kubwa: ukiirudia programu ileile kwa tarakimu zilezile, utapata jambo lilelile. Kosa likitokea leo, litatokea tena kesho, na utalikamata. Lakini wakati wa kubisha hodi hautabiriki. Leo katizo litaingia baina ya amri ya 10 na ya 11, kesho baina ya amri ya 500 na ya 501. Kama programu ya kulipokea ina kasoro katika nafasi moja tu kati ya maelfu, kompyuta itafanya kazi vizuri kwa miezi, kisha siku moja itaharibu hesabu na kukaa kimya. Ukiirudia, hutaona kitu.

Zaidi ya hayo, kosa la aina hiyo hujivika sura ya mtambo mbovu. Fundi huitwa, hubadilisha vifaa, naye huondoka akiamini amelitibu tatizo.

Kwa kuijua hatari hiyo, Dijkstra alikawia kukubali. Hatimaye wenzake walimshinda kwa kumsifu kwamba kama kuna mtu awezaye, ni yeye. Programu yake ya kupokea makatizo iliwekwa katika ile sehemu ya kumbukumbu isiyoweza kuandikwa upya, kwa hiyo haikuwa na nafasi ya kukosea. Kazi hiyo ndiyo iliyompatia shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Amsterdam mwaka 1959.

Miaka hiyohiyo alifanya mambo mengine mawili yaliyompa sifa. Mwaka 1956, akiwa ameketi na mchumba wake kwenye mkahawa mjini Amsterdam, aliibuni ile kanuni ya njia fupi kwa muda wa dakika 20 hivi, bila kalamu wala karatasi. Mwaka 1960, yeye na Jaap Zonneveld walikamilisha mojawapo ya programu za kwanza duniani za kutafsiri lugha ya ALGOL 60. Waliapiana kutonyoa ndevu hadi kazi iishe. Ilipoisha, Zonneveld alinyoa. Dijkstra alibaki na ndevu zake hadi kufa.

Watu sita wa Eindhoven

Mwaka 1962 alihamia mji wa Eindhoven kuwa profesa wa hisabati katika Chuo cha Ufundi. Huko, pamoja na kikundi cha watu sita waliotumia takriban nusu ya muda wao, alijenga mfumo endeshi ulioitwa THE, kwa herufi za kwanza za jina la chuo hicho kwa Kiholanzi.

Kompyuta yao ilikuwa X8, yenye kumbukumbu ya maneno 32,000 hivi na pipa la sumaku lililohifadhi maneno 512,000. Iliunganishwa na visomaji vitatu vya utepe wa karatasi, mashine tatu za kutoboa utepe, mashine mbili za kuandikia, kichora ramani na kichapishi. Vyote hivyo vilibisha hodi kwa wakati wake. Juu yake ziliendeshwa programu kadhaa za wanafunzi na walimu kwa pamoja, na kila moja ilitaka huduma.

Hapo ile hofu ya X1 ilirudi ikiwa imekua maradufu.

Ili kulielewa tatizo, tuchukue makarani wawili na daftari moja la hesabu. Ndani ya daftari imeandikwa shilingi 1,000. Karani wa kwanza anasoma 1,000, akitaka kuongeza 500. Kabla hajaandika, karani wa pili naye anasoma 1,000, akitaka kuongeza 200. Wa kwanza anaandika 1,500. Wa pili anaifuta na kuandika 1,200. Shilingi 500 zimepotea, na hakuna aliyeiba wala aliyekosea kujumlisha. Msomaji anayetuma fedha nyumbani kwa njia ya simu ataona mara moja kwa nini jambo hili si la mzaha.

Dawa ya Dijkstra ilikuwa semafori, jina alilolitwaa kwenye alama za reli zinazoizuia treni isiingie njia moja na mwenzake. Semafori ni namba tu, nayo huguswa kwa vitendo viwili. Anayetaka kuingia huipunguza. Akikuta nafasi imekwisha, husimama na kulala usingizi bila kupoteza muda wa kompyuta. Anayetoka huiongeza, na aliyelala huamshwa. Kitendo cha kwanza alikiita P na cha pili V. V ilitokana na neno la Kiholanzi lenye maana ya kuongeza. P ilitokana na neno alilolibuni mwenyewe, kwa maana ya kujaribu kupunguza.

Sharti kubwa ni kwamba P na V havikatizwi katikati. Kwa sharti hilo dogo, makarani hupokezana daftari na shilingi hazipotei.

Aliona pia balaa la pili, alilolifananisha na kukumbatiana hadi kufa. Programu moja imeshika kichapishi na inangoja utepe. Ya pili imeshika utepe na inangoja kichapishi. Zitangojana milele. Mwaka 1965 alilifanya jambo hilo kuwa swali la mtihani, na baadaye likapata umaarufu kwa kisa cha wanafalsafa watano mezani wenye uma tano tu, ilhali kila mmoja huhitaji mbili ili ale. Njia mojawapo ya kuokoka ni kuzipa uma namba, na kila mtu achukue kwanza ile yenye namba ndogo.

Kinga ni bora kuliko tiba

Mfumo wa THE ulijengwa kwa tabaka, kama nyumba ya ghorofa. Tabaka la chini kabisa lilipokea katizo la saa na kugawa zamu za kutumia kompyuta. La pili lilisimamia kumbukumbu na pipa la sumaku. La tatu lilishughulikia mazungumzo na msimamizi wa mashine. La nne lilitunza vifaa vya kuingizia na kutolea habari. Juu ya hayo zilikaa programu za watumiaji, na juu kabisa alikuwepo msimamizi mwenyewe. Kila tabaka lilijua huduma za lililo chini yake tu.

Upangaji huo ulikuwa na faida kubwa wakati wa kutafuta makosa. Tabaka la chini lilijaribiwa peke yake hadi wakaridhika nalo, ndipo la pili likawekwa juu yake. Kwa kuwa kila tabaka lilikuwa na hali chache, waliweza kuzijaribu zote. Kama tabaka zote zingejaribiwa kwa pamoja, idadi ya hali ingezidishana hadi kupita uwezo wa binadamu.

Katika taarifa aliyoitoa mwezi Oktoba 1967 kwenye mkutano wa Gatlinburg, Marekani, na kuchapishwa mwezi Mei 1968, Dijkstra alieleza kwamba makosa waliyoyakuta yalikuwa madogomadogo ya uandishi, kiasi cha moja katika kila amri 500, na kila moja lilipatikana ndani ya dakika 10. Lile kosa baya alilokuwa akiliogopa, la kuja na kutoweka, halikuonekana.

Katika taarifa hiyohiyo hakuficha udhaifu. Alikiri kwamba kwa muda mrefu walifikiria mashine isiyoharibika, na kifaa kimoja kilipoharibika walipata taabu kubwa, nyingine ikitokana na werevu wao wenyewe. Alikiri pia kwamba walibuni na kuandika sehemu kubwa ya mfumo bila kufikiria vya kutosha namna ya kuutafutia makosa. Upungufu huo haukuwadhuru, kwa sababu hofu ilikuwa imewafundisha kuziba ufa kabla ya kulazimika kujenga ukuta.

Kutokana na uzoefu huo alijenga hoja aliyoitetea hadi mwisho: majaribio humwonyesha mtu kosa lililopo, lakini hayampi hakika kwamba hakuna jingine. Alitoa mfano wa mashine ya kuzidisha namba mbili, kila moja ya biti 27. Kuzijaribu namba zote kungehitaji zaidi ya miaka 10,000. Kwa hiyo hakika lazima itoke mahali pengine, nako ni kwenye hoja za kihisabati zinazoandamana na programu tangu inapotungwa.

Gharama ya ushindi

Ushindi huo haukumletea raha. Idara ya hisabati ya Eindhoven haikuiona kazi ya kompyuta kuwa sehemu ya wajibu wake, na kikundi alichokilea kilivunjwa. Mwaka 1968, mwaka uleule taarifa yake ilipokuwa ikisomwa duniani kote, Dijkstra aliangukia katika sonona nzito.

Alijitibu kwa kuandika. Mwaka 1969 alikamilisha maelezo marefu juu ya namna ya kuipanga programu ili akili ya binadamu iweze kuifuata, akawapelekea marafiki nakala zipatazo 20. Nakala hizo zilinakiliwa tena na tena hadi zikaenea katika vyuo na makampuni ya nchi nyingi. Mwaka 1972 alipewa tuzo ya Turing, iliyo kubwa kuliko zote katika fani hiyo.

Mwaka 1973 aliajiriwa na kampuni ya Kimarekani ya Burroughs kuwa mtafiti, akifanya kazi nyumbani kwake Nuenen. Aliandika kwa kalamu ya wino, kila andiko akilipa namba na herufi za jina lake, EWD. Yalizidi 1,300. Aliyatuma kwa posta kwa watu wachache, nao waliyapitisha kwa wengine.

Hakuwa mtu mwepesi kuishi naye kikazi. Alikuwa mkali wa maneno, na wengi walimwona mwenye majivuno. Wenye viwanda walilalamika kwamba njia zake zilifaa programu ndogo, lakini si zile za mamia ya maelfu ya mistari zinazotakiwa sokoni kabla ya mwisho wa mwaka. Lalamiko hilo lilikuwa na ukweli ndani yake. Mifumo mingi iliendelea kujengwa kwa haraka na kurekebishwa baadaye.

Texas

Mwaka 1984 alihamia Marekani kufundisha katika Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, alikokaa hadi alipostaafu mwaka 1999. Likizo alizitumia kuzuru mbuga za taifa pamoja na mkewe, kwa gari la Volkswagen waliloliita Touring Machine, kwa kulichezea jina la Turing.

Katika jimbo hilohilo la Texas, mwaka 1986, hospitali moja ya mji wa Tyler ilikumbwa na maafa yaliyoonyesha uzito wa kile alichokihofia miaka 30 kabla. Mashine ya kutibu saratani kwa mionzi, Therac-25, iliwapiga wagonjwa wawili kwa kipimo kilichopindukia mno, na wote wawili walifariki. Kati ya mwaka 1985 na 1987 ajali za mashine hiyo zilizojulikana katika Marekani na Kanada zilikuwa sita.

Mafundi walikuwa wameikagua bila kuona kasoro. Siri ilikuwa katika programu: sehemu mbili zilizokuwa zikifanya kazi kwa wakati mmoja ziligusa habari ileile bila kupokezana zamu. Mhudumu akisahihisha maandishi kwa haraka, mashine ilishika mpangilio mmoja huku kioo kikionyesha mwingine. Mwanafizikia wa hospitali na mhudumu wake ndio waliolirudia kosa hilo, baada ya kujizoeza kuandika kwa kasi ileile. Walikuwa makarani wawili na daftari moja, isipokuwa safari hii kilichopotea si shilingi.

Alichokiacha

Kiini cha Linux, kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, leo kiko chini ya simu zote za Android, ziwe Kisumu, Zanzibar, Muscat au London. Ndani yake zimo semafori, pamoja na kufuli za aina nyingine zilizotokana na fikra hiyohiyo. Tangu mwaka 2006 kiini hicho kina chombo kinachoangalia utaratibu wa kuzichukua kufuli, nacho hutoa onyo pale utaratibu unapoweza kuleta kukumbatiana hadi kufa, hata kama balaa lenyewe halijatokea kamwe.

Wanaosaka makosa katika viini bado wanalijua lile adui lake la zamani. Mara nyingi fundi akiongeza mstari mmoja tu wa kutoa taarifa ili alione kosa, mwendo wa programu hubadilika kidogo na kosa hutoweka. Akiuondoa mstari, kosa hurudi.

Mwaka 2009, miaka saba baada ya kifo chake, watafiti wa Australia walitangaza kwamba wamekamilisha uthibitisho wa kihisabati wa kiini kizima kiitwacho seL4, chenye mistari 8,700 hivi. Waliuthibitisha kwa msaada wa kompyuta, wakionyesha kwamba kila ombi linalopelekwa kwenye kiini hicho hutendewa kama ilivyoandikwa katika maelezo yake. Kazi hiyo ilichukua miaka kadhaa ya jasho la watu wengi, na kiini hicho ni kidogo mno kikilinganishwa na Linux yenye mamilioni ya mistari.

Dijkstra aliacha mjane na watoto watatu. Tangu mwaka 2003 tuzo ya kila mwaka kwa utafiti wa kompyuta zinazofanya kazi kwa ushirikiano hutolewa kwa jina lake.